Kompyuta haihukumu: Mtunzi wa swali ndiye msahihishaji

MWANAFUNZI wa mwaka wa kwanza chuoni ameketi mbele ya kompyuta akifanya zoezi la Hisabati. Ameulizwa ajumlishe nambari mbili, na baada ya kukokotoa anaandika jibu lake: 4i + 3. Papo hapo skrini inamweleza kwamba amekosa na kwamba alama yake ni sifuri. Jibu lililokuwa likingojewa ni 3 + 4i.

Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba nne ukiongeza tatu ni sawa na tatu ukiongeza nne. Mwalimu yeyote angalilipa jibu hilo alama zote bila kusita. Lakini kompyuta ililinganisha maandishi mawili herufi kwa herufi, ikaona hayafanani, ikatoa hukumu. Mwanafunzi huyo hakushindwa na Hisabati. Aliponzwa na mtu aliyelitunga swali.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitambui kuhusu mazoezi na mitihani inayosahihishwa na mitambo. Kompyuta haina busara wala huruma, na pia haina chuki. Hufuata kanuni ilizoandikiwa kabla ya mtahiniwa wa kwanza kuketi. Kwa hivyo, kazi ya kusahihisha haijaondoka mikononi mwa mwalimu. Imesogezwa mbele tu, kutoka siku za baada ya mtihani hadi saa ile anapolitunga swali.

Nambari changamano ni miongoni mwa mada zinazolidhihirisha jambo hilo waziwazi, kwa sababu nambari moja ya aina hiyo yaweza kuandikwa kwa njia nyingi, zote zikiwa sahihi.

Nambari zilizokataliwa

Chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, mwanafunzi wa shule ya upili akikutana na mlinganyo unaohitaji kipeuo cha pili cha nambari hasi, hufundishwa kusema kwamba mlinganyo huo hauna suluhisho. Sababu ni kuwa nambari yoyote ya kawaida, iwe chanya au hasi, ikizidishwa kwa yenyewe haileti nambari hasi. Silabasi ya Hisabati ya KCSE haivuki mpaka huo, na wengi huuvuka mara ya kwanza wanapoingia chuo kikuu au chuo cha kiufundi.

Wanahisabati wa Ulaya waliuvuka mpaka huo kwa shingo upande. Mnamo 1545, Mwitaliano Gerolamo Cardano, katika kitabu chake Ars Magna, alilijadili swali la kuigawa 10 katika mafungu mawili ambayo yakizidishwa yataleta 40. Jibu lilihitaji kipeuo cha pili cha -15, naye akalitoa huku akilitilia shaka. Mnamo 1572, Rafael Bombelli, naye wa Italia, alichapisha kanuni za kuzijumlisha na kuzizidisha nambari hizo. Katika karne ya 18, Leonhard Euler alianza kuitumia herufi i kuwakilisha kipeuo cha pili cha -1. Mnamo 1831, Mjerumani Carl Friedrich Gauss akazipa jina la nambari changamano.

Nambari changamano ina sehemu mbili. Katika 3 + 4i, tatu ndiyo sehemu halisi na nne ndiyo sehemu ya dhahania. Hesabu zake hufuata kanuni za kawaida, pamoja na moja ya ziada: i ikizidishwa kwa i huleta -1. Vilevile nambari hiyo yaweza kuchorwa kama nukta kwenye karatasi ya mraba: hatua tatu kulia, hatua nne juu. Umbali wa nukta hiyo kutoka katikati ya mchoro ni 5, na mstari unaoifikia hufanya pembe ya karibu nyuzi 53 na mstari wa mlalo.

Mchezo huu si wa wanafalsafa pekee. Mnamo 1893, mhandisi Charles Proteus Steinmetz aliwaonyesha wahandisi wenzake mjini Chicago jinsi nambari changamano zinavyorahisisha hesabu za umeme unaobadilika mwelekeo, ambao ndio unaofika majumbani. Wahandisi huandika j badala ya i, kwa kuwa kwao i ni alama ya mkondo wa umeme.

Chukua kifaa chenye ukinzani wa kawaida wa omu 3, na pia koili inayoleta upinzani wa omu 4. Asiyezijua nambari changamano atajumlisha apate omu 7, na kwa umeme wa volti 240 atatarajia mkondo wa karibu ampea 34. Ukweli ni kwamba upinzani wa jumla ni ukubwa wa 3 + 4j, yaani omu 5, na mkondo utakaopita ni ampea 48. Fundi aliyechagua waya wa ampea 34 atakuwa amejitafutia moto. Kwa hivyo, kumpa mwanafunzi alama ya kweli kuhusu anachojua na asichokijua si suala la cheti pekee.

Mamia ya madaftari

Msukumo wa kutumia kompyuta umetokana na wingi wa wanafunzi. Iwapo darasa lina wanafunzi 400 na kila mmoja amepewa maswali kumi, mhadhiri ana majibu 4,000 ya kusoma. Matokeo yake yanajulikana: ama mazoezi yanapunguzwa hadi mawili au matatu kwa muhula, ama yanasahihishwa baada ya majuma kadhaa, wakati mwanafunzi amekwisha kulisahau kosa lake na mada imekwisha kupita.

Njia rahisi iliyotumiwa kwanza ilikuwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Njia hiyo ina kasoro mbili. Asiyejua lolote ana nafasi moja kati ya nne ya kupata kwa kubahatisha. Pili, swali huweza kujibiwa kinyumenyume. Akiulizwa agawanye 8 - i kwa 1 - 2i, mwanafunzi mjanja hatagawanya hata kidogo. Atazidisha kila jibu aliloonyeshwa kwa 1 - 2i mpaka lipatikane linaloleta 8 - i. Atapata alama ya kugawanya ilhali alichokifanya ni kuzidisha.

Kwa sababu hiyo, walimu walitafuta programu zinazomruhusu mwanafunzi aandike jibu lake mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani kilianzisha programu ya WeBWorK. Muongo uliofuata, Chris Sangwin, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, alianzisha programu iitwayo STACK, ambayo hutolewa bila malipo na hutumika ndani ya Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni unaotumiwa na vyuo vingi. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Maseno kilianza kuitumia STACK mnamo 2019.

Ndani ya STACK mna programu nyingine, Maxima, yenye uwezo wa kufanya aljebra. Mizizi yake ni programu ya Macsyma, iliyoanza kuundwa katika taasisi ya MIT ya Marekani mnamo 1968. Maxima ndiyo inayoiwezesha kompyuta kutambua kwamba 4i + 3 na 3 + 4i ni kitu kimoja. Hufanya hivyo kwa kutoa jibu la mwanafunzi kutoka kwa jibu la mwalimu na kuirahisisha tofauti. Ikibaki sifuri, majibu hayo ni sawa.

Nambari moja, mavazi mengi

Mtu angedhani kwamba tatizo limekwisha hapo. La hasha! Kwa mtunzi wa maswali, ndipo kazi inapoanza.

Tuseme mwanafunzi ameambiwa akokotoe (2 + i) mara yenyewe. Jibu ni 3 + 4i. Sasa mwanafunzi mvivu analiandika swali lenyewe kama jibu: (2 + i)^2. Kompyuta inatoa, inarahisisha, inapata sifuri, na inampa alama zote. Haikukosea, kwani thamani ya maandishi hayo ni ile ile. Kilichokosekana ni agizo kwamba jibu sharti liwe katika umbo la sehemu mbili zilizotenganishwa, ya halisi na ya dhahania.

Kwa hivyo, mtunzi anayeifahamu kazi yake hujiuliza maswali mawili badala ya moja: jibu hili lina thamani inayotakikana? Na je, limeandikwa katika umbo linalotakikana? Kisha huamua kila swali lina uzito gani. Endapo anapima ujuzi wa kuzidisha, umbo ni la lazima. Endapo hatua hiyo ni ya kufikia jambo jingine, huenda umbo lisiwe na maana yoyote, na kumnyima mwanafunzi alama kwa ajili yake kukawa ni kumwonea.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba agizo hilo liandikwe ndani ya swali ili mwanafunzi alisome. Kanuni iliyofichwa ndani ya programu ni sawa na sheria isiyotangazwa.

Desimali nazo huleta mgogoro wa aina hiyo hiyo. Pembe ya 3 + 4i ikipimwa kwa radiani ni karibu 0.927. Aliyeandika 0.927 na aliyeandika 0.9273 wote wamepata, lakini hakuna kati yao aliyefikia thamani kamili. Mtunzi asiposema ni tarakimu ngapi zinazohitajika, na asipoiruhusu kompyuta kukubali tofauti ndogo, wote wawili watapewa sifuri. Asiposema kama pembe ipimwe kwa nyuzi au kwa radiani, atakuwa ameomba lawama.

Kikwazo cha kibodi

Kalamu na kibodi ni vitu viwili tofauti. Kwenye daftari, mwanafunzi huandika 4i bila kufikiri. Programu nyingine hutaka 4*i, kwa kuwa alama ya kuzidisha isipoonekana haijui kama 4i ni nambari au jina la kitu kingine. Wanafunzi wengi hutumia simu, na kutafuta alama ya nyota au mabano kwenye kioo kidogo ni adha.

Hatari kubwa zaidi ni mabano. Mwanafunzi anayekusudia kuigawanya 1 + 3i yote kwa 2 huweza kuandika 1+3i/2. Kompyuta itaelewa kwamba ni 3i pekee iliyogawanywa. Hesabu yake kichwani ni sahihi, maandishi yake si sahihi.

STACK imejaribu kulitatua jambo hilo kwa kutenganisha kuelewa na kusahihisha. Kabla ya alama kutolewa, programu humwonyesha mwanafunzi jibu lake jinsi ilivyolielewa, likiwa limepangwa kama lilivyo vitabuni. Akiona kwamba mstari wa kugawanya uko chini ya 3i tu, atarudi kuweka mabano. Jibu lisiloeleweka hurudishwa likiwa na maelezo, wala mwanafunzi haadhibiwi kwalo. Mtunzi pia anaweza kuiagiza programu iongeze yenyewe alama ya kuzidisha palipokosekana, na huchagua kama darasa litatumia i au j. Mwalimu wa wahandisi anayesahau uchaguzi huo wa mwisho atawakuta wanafunzi wake wote wamekosa kwa kuandika walivyofundishwa.

Kuanzia kwenye jibu

Faida mojawapo ya kompyuta ni kwamba kila mwanafunzi anaweza kupewa nambari zake tofauti, ili wakae pamoja wajadiliane njia badala ya kunakiliana majibu. Mtunzi huandika swali kwa herufi, kisha kompyuta huchagua nambari za kujaza.

Walakini, nambari zikichaguliwa ovyo, mwanafunzi mmoja ataletewa hesabu nyepesi na jirani yake aletewe sehemu zenye tarakimu nne juu na chini. Mwingine ataambiwa agawanye kwa sifuri. Wa tatu atapata nambari isiyo na sehemu ya dhahania, na swali lote litakuwa limepoteza maana. Wote watatu watapewa alama katika orodha moja kana kwamba walifanya mtihani mmoja.

Watunzi hodari huepuka hilo kwa kuanzia mwishoni. Kwanza huchagua jibu zuri, mathalan 2 + 3i. Kisha huchagua kigawanyo, mathalan 1 - 2i. Huzizidisha mbili hizo na kupata 8 - i. Swali sasa ni: gawanya 8 - i kwa 1 - 2i. Kwa njia hiyo, kila mwanafunzi hupata jibu la nambari kamili na kazi iliyo sawa na ya mwenzake. Sharti linalobaki ni kuizuia kompyuta isichague sifuri mahali popote panapoweza kuliharibu swali.

Kulitabiri kosa

Kumwambia mwanafunzi kwamba amekosa ni rahisi. Kumweleza alikosea wapi ndiyo kazi ya ualimu, na hapa ndipo mtunzi huonyesha kama anawafahamu wanafunzi wake.

Kwa swali lile la 8 - i kugawanywa kwa 1 - 2i, njia ya kawaida ni kuzidisha juu na chini kwa 1 + 2i. Juu kunapatikana 10 + 15i, chini 5, na jibu ni 2 + 3i. Mwanafunzi aliyesahau kwamba i mara i ni -1, akaichukua kama 1, atapata 6 + 15i juu na -3 chini, yaani -2 - 5i. Yule aliyegawanya sehemu kwa sehemu, nane kwa moja na -1 kwa -2, atapata 8 ukiongeza nusu ya i.

Majibu hayo mawili hayakutokea kwa bahati mbaya. Kila moja lina alama ya kidole cha kosa lililolizaa. Mtunzi anayeyajua huiagiza kompyuta iyatafute. Ikiona -2 - 5i, imkumbushe mwanafunzi thamani ya i mara i. Ikiona 8 ukiongeza nusu ya i, imweleze kwamba nambari changamano hazigawanywi sehemu kwa sehemu, na impe mfano. Kwa kuwa nambari za kila mwanafunzi ni tofauti, makosa haya nayo huandikwa kwa herufi, ili kompyuta iyakokotoe upya kwa kila mmoja.

Maelezo kama hayo yakimfikia mwanafunzi dakika ile ile alipokosea, akaruhusiwa kujaribu tena, huwa na thamani ambayo daftari linalorudishwa baada ya mwezi haliwezi kuwa nayo.

Swali linaloficha ujinga

Kuna aina nyingine ya udhalimu ambayo haipigiwi kelele, kwa sababu humfurahisha mwanafunzi: swali linalotoa alama kwa asiyejua.

Mfano ni swali la kutafuta pembe ya nambari changamano. Wanafunzi wengi huamini kwamba inatosha kugawanya sehemu ya dhahania kwa sehemu halisi, kisha kubonyeza kitufe cha kinyume cha tanjiti kwenye kikokotoo. Kwa 3 + 4i, njia hiyo hutoa jibu sahihi. Lakini kwa -1 - i, kikokotoo hupewa 1 na hujibu nyuzi 45, ilhali nukta yenyewe iko chini upande wa kushoto wa mchoro, na pembe yake ni nyuzi 225, au -135 ukipimia upande wa pili.

Mtunzi akiiruhusu kompyuta ichague nambari zenye sehemu halisi chanya, kila mwanafunzi atapata alama zote, na mhadhiri ataamini kwamba darasa limeelewa. Imani potofu itabaki bila kuguswa hadi siku ya kazi. Swali la haki ni lile linaloilazimisha nukta kukaa upande wa kushoto, ambako kitufe pekee hakitoshi. Aidha, sharti liseme pembe ipimwe kati ya mipaka ipi, maana 225 na -135 ni pembe moja.

Vivyo hivyo katika kutafuta vipeuo. Mlinganyo unaosema kwamba z mara tatu yenyewe ni 8 una majibu matatu: 2, -1 ukiongeza i mara kipeuo cha pili cha 3, na -1 ukitoa hiyo hiyo. Swali likiacha kisanduku kimoja tu cha jibu, aliyeandika 2 anahesabiwa amemaliza. Likiwa na visanduku vitatu, limekwisha kumfichulia mwanafunzi idadi ya majibu. Njia bora ni kumtaka aandike seti nzima, ambamo mpangilio haujalishi, na kumpa sehemu ya alama kwa kila kipeuo alichokipata.

Maswali yenye majibu yasiyo na idadi

Kompyuta ina subira ambayo binadamu hana, na watunzi wengine wameitumia subira hiyo kuuliza maswali ambayo zamani yaliepukwa. Mfano ni huu: andika mlinganyo wa kipeo cha pili, wenye vizidishi halisi, ambao 2 + i ni suluhisho lake. Jibu moja ni z^2 - 4z + 5 = 0, lakini ukiuzidisha wote kwa nambari yoyote halisi isiyo sifuri, unabaki kuwa jibu. Mwalimu mwenye madaftari 400 angechoka kukagua kila moja. Kompyuta huweka 2 + i mahali pa z na kutazama kama matokeo ni sifuri.

Hata hapa mtunzi huweza kunaswa. Mwanafunzi akiandika z^2 - (3 + 4i) = 0, matokeo pia ni sifuri, lakini vizidishi vyake si halisi. Na mwingine akiandika sifuri tupu upande wa kushoto, sifuri ni sifuri, naye atadai alama zake. Kwa hivyo, lazima kompyuta ikague mambo matatu: kwamba 2 + i inautimiza mlinganyo, kwamba kipeo kikubwa ni cha pili, na kwamba vizidishi ni halisi. Sharti moja likisahaulika, mlango umeachwa wazi.

Alama za njia

Karatasi za Hisabati za KCSE huwaarifu watahiniwa kwamba huenda wakapewa alama kwa hatua zilizo sahihi hata kama jibu la mwisho si sahihi. Utaratibu huo umewaokoa wengi walioijua njia lakini wakateleza katika kujumlisha. Kompyuta inayotazama jibu la mwisho pekee imeufuta wokovu huo.

Watunzi hujaribu kuurejesha kwa kuligawa swali vipande: kwanza utazidisha kwa nambari gani, pili unapata nini juu na nini chini, tatu jibu ni lipi. Vilevile huiagiza kompyuta isahihishe kipande cha pili kwa kutegemea jibu ambalo mwanafunzi mwenyewe alilitoa katika kipande cha kwanza, ili kosa moja lisiadhibiwe mara mbili.

Dawa hiyo ina uchungu wake. Swali lililogawanywa vipande limekwisha kumwonyesha mwanafunzi njia, na kujua njia ndiyo nusu ya Hisabati. Wala hakuna kisanduku kinachoweza kupima vizuri hoja iliyoandikwa kwa maneno, au uthibitisho mrefu. Kwa sababu hiyo, mazoezi ya kompyuta yanafaa zaidi kwa kujenga wepesi wa kukokotoa na kumrekebisha mwanafunzi mapema. Mtihani unaopima kufikiri bado unahitaji jicho la mwalimu.

Jaribu kabla, soma baada

Swali lililotungwa halipaswi kupelekwa darasani moja kwa moja. STACK humwezesha mtunzi kuweka orodha ya majibu ya majaribio: jibu sahihi, jibu sahihi katika umbo lisilotakikana, na makosa yote aliyoyatabiri, kila moja likiwa na alama linayostahili. Kompyuta huyapitisha majibu hayo katika kila toleo la swali na kumwonyesha mtunzi pale ambapo hukumu yake haikulingana na aliyoitarajia. Ni busara pia swali hilo lijibiwe kwanza na mwalimu mwenzake ambaye hakulitunga, maana aliyelitunga hujua anachokusudia na haoni anachokisema.

Baada ya zoezi, kazi haijaisha. Majibu yote yamehifadhiwa, na mhadhiri anaweza kuyasoma. Akiona kwamba wanafunzi 90 wameandika jibu moja lile lile lisilo sahihi, kuna mambo mawili: ama mada haikueleweka darasani, ama swali lina kasoro. Vyovyote iwavyo, habari hiyo ni ya maana kwake.

Na kasoro ikigunduliwa, kuna suluhisho ambalo msahihishaji wa kalamu nyekundu hakuwa nalo. Mtunzi hurekebisha kanuni, kisha huiagiza kompyuta isahihishe upya majibu ya darasa zima, la kwanza hadi la mwisho. Yule mwanafunzi aliyeandika 4i + 3 akanyimwa alama anaweza kurudishiwa haki yake kwa dakika chache, pamoja na wengine wote waliokosewa kama yeye ambao hawakulalamika.

Lakini hilo hutendeka tu iwapo kuna mtu aliyechukua muda wa kuyasoma majibu, na iwapo chuo kimeweka njia ya mwanafunzi kulalamika na kusikilizwa. Chuo kinachonunua mitambo na kusahau kuwapa wahadhiri muda wa kutunga na kukagua maswali kitakuwa kimeharakisha kutoa alama, si kutoa haki.